Rangi Haivuti Plau

Wadogo zangu, mmeanza tena. Trekta kuukuu limepigwa rangi, nanyi mmeshapandisha bei hata boneti hamjafungua.

1. Anza na namba. Trekta la Massey Ferguson 135 lilianza kutengenezwa 1964. Anayekuuzia "135 la 1961" ama hajui alichonacho, ama anajua sana.

2. Injini iwashwe ikiwa baridi. Ukifika, shika bloku kabla salamu hazijaisha. Ikiwa na vuguvugu, imeshawashwa kwa ajili yako. Rudi asubuhi nyingine. Ringi za pistoni zilizolika hazibani hewa vizuri chuma kikiwa baridi, lakini ikishapata moto hata injini mbovu huwaka kwa kugusa tu. Hapa ndipo Massey Ferguson 35 linapowaumiza kila mwaka. Yale ya dizeli ya mwanzo yana injini ya Standard 23C ya silinda nne, maarufu kwa ugumu wa kuwaka kwenye baridi. Baadaye ikaja Perkins ya silinda tatu, na hiyo ndiyo wanunuzi wanaigombania. Jina ni lilelile, umbo karibu lilelile, nanyi mnayapa bei moja! Hesabuni mabomba ya nozeli, yanayopeleka dizeli kwenye kila silinda: manne au matatu. Hata spana haihitajiki. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili: moshi ukipuliza kwa mapigo, hewa inapita kwenye ringi. Hapo toa kwenye bei gharama ya kufungua injini nzima. Ringi haziji peke yake. Slivu na beringi hufuata.

3. Haidroliki, nguvu ya oili inayoinua zana, ipimwe na mzigo, plau lenyewe, si mikono ya lifti bila kitu. Injini ikizunguka huku mikono inashuka kidogo na kupanda tena, kama mzee anayesinzia, oili inavuja ndani ya lifti. Kisha chomoa kijiti cha oili. Kwenye 35 na 135 gia na haidroliki hutumia oili moja, kwa hiyo ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshafika kwenye gia.

4. Tairi za nyuma zilizojazwa maji ya chumvi hula rimu. Chunguza kutu kuzunguka valvu.

5. Linganisha bei unayotajiwa na bei zilizolipwa, si zilizotangazwa.

6. Mita ya saa za kazi iamini baada ya kutazama pedali. Pedali ya klachi iliyolika hadi kung'aa haiendani na saa 900: mita imebadilishwa, au ilikufa zamani.