Kenge kwenye flati ghorofa ya pili? Majibu ya maswali yenu

SWALI: Habari za kazi mtaalamu, na shikamoo kama umenizidi. Mimi Mtanzania naishi Leicester huku Uingereza, flati ya kupanga ghorofa ya pili. Nilinunua kenge wa savana dukani, jamaa akaniambia huyu ni mnyama wa jangwani hana shida kabisa, basi nikamweka kwenye tanki la kioo la futi 4, chini vipande vya mbao, juu wavu na taa moja kali. Sasa hivi ana kama sentimita 50 na mkia wake. Lakini siku hizi analala tu kwenye kona, ngozi akijivua inabaki imenasa vidoleni, na chakula ni panya wa dukani, wale wa friza. Nataka nimjengee banda la maana, nianzie wapi? – Baba Nuru, Leicester

JIBU: Marahaba Baba Nuru, kama kweli nimekuzidi, hilo tutalipima siku tukionana. Tuanze na huyo jamaa wa duka maana kakupoteza. Kenge wa savana wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani wanatoka Ghana, Togo na Benin, na huko si jangwani hata kidogo, ni nyika ya majani na mashamba ya watu, mvua inanyesha ya kutosha. Mtafiti Daniel Bennett alienda kuwafuatilia kule Ghana wakiwa porini na alichokuta ni kwamba watoto wa kenge wanaishi kwenye mashimo, mengine ni ya nyenje wakubwa, na wanakula wadudu, nyenje wenyewe na majongoo, panya hayumo. Juu jua linachoma lakini ndani ya shimo hewa ina unyevu masaa yote. Sasa wewe umempa jua bila shimo, halafu hita ya nyumba inakausha hewa miezi sita, na ule wavu wa juu unatoa joto na unyevu wote nje. Ngozi inayonasa vidoleni ni hapo inapotoka. Iangalie haraka, ikikaza inakata damu na kidole kinakufa. Loweka miguu kwenye maji vuguvugu, itoe taratibu, usivute kwa nguvu. Na kwa sababu analala tu, mpeleke kwa daktari anayejua reptilia hata kabla ya kununua mbao, maana kenge akikosa maji mwilini muda mrefu figo ndio zinaumia, na hutaziona zikiumia mpaka too late.

Haya, banda. Watu wakisikia banda wanawaza kioo na taa, mimi nakwambia waza udongo. Kenge mzima wa aina hii anafika mita moja, wengine wanavuka kidogo, na banda linalokubalika na wafugaji wengi wazoefu kama la chini kabisa ni urefu mita 2.4, upana 1.2, kimo 1.2, na nusu ya hicho kimo ni udongo, yaani sentimita 60. Achana na chipsi za mbao, changanya udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa na mchanga, kamata konzi ukaze, ukifungua mkono ubaki umeshikana, ukimomonyoka shimo halitasimama litamfukia. Maji usipulizie juu tu na chupa kama unanyoosha mashati, mwaga pembeni yashuke mpaka chini, juu pakikauka sawa, huko chini ndiko anakoishi.

Kisha piga hesabu na mimi. 2.4 mara 1.2 mara 0.6 ni mita za ujazo 1.7, na udongo wenye unyevu unakaribia tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo unaongelea tani 2 na nusu hivi, hujaweka mbao wala kenge mwenyewe. Sakafu za makazi huko Uingereza kwa kawaida zinapigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Banda lako litakuwa linakandamiza karibu kilo 900 kwa mita hiyo hiyo. Jirani wa chini atapata kenge bila kuomba.

Ndio maana sitakuchorea ramani ya banda kubwa la humo ndani, kwenye flati ya ghorofa ya pili halijengeki, labda uhamie nyumba ya chini yenye sakafu ya zege au upate gereji inayotunza joto. Kuna watu watakushauri upunguze udongo uwe sentimita 10 ili uzito ushuke, mimi sikubaliani, udongo ukipungua hivyo shimo halipo, na bila shimo umerudi kule kule kwenye tanki.

Unachoweza kufanya leo ni banda la muda la kumkuza kwa mwaka mmoja hivi. Boksi la plaiwudi nene, mita 1.2 kwa 0.6, mfuniko wa mbao na sio wavu, kona zote zipigwe silikoni, ndani vanishi ya kuzuia maji kanzu kadhaa na iachwe ikauke mpaka harufu iishe kabisa, chini utandike plastiki nene ile ya kutandikia bwawa la samaki. Udongo sentimita 30. Hilo ni kama kilo 300 na kitu, karibu sawa na tanki la samaki la ukubwa huo likijaa maji, liweke ubavuni mwa ukuta unaobeba nyumba na uongee na mwenye nyumba kwanza, usimfiche, mikataba mingi ya kupanga ina kipengele cha wanyama.

Taa, hapa wengi wanaunguza mnyama. Balbu moja kali inachoma kiduara mgongoni huku kichwa na mkia vimepoa, kenge anabaki palepale akingoja kupata joto na ngozi inaungua. Weka balbu 2 au 3 za halojeni zile za mwanga mpana, zikae karibukaribu zifunike mwili kuanzia kichwani mpaka shina la mkia, upande mmoja tu wa banda. Jiwe au gogo la kuotea lifike nyuzi 55 hivi za sentigredi. Najua inatisha lakini anakaa dakika chache anaondoka mwenyewe, cha muhimu upande wa pili uwe nyuzi 25 au 26 ili awe na pa kukimbilia. Pima na kile kipimajoto cha kulenga kama bastola, ila sio kile kilichobaki nyumbani toka enzi za korona, vile vya paji la uso vingi vinaishia nyuzi 42 au 43 basi. Ongeza na tyubu ya UVB, yaani taa inayotoa miale kama ile ya jua, ibadilishe kila baada ya mwaka hata kama bado inawaka maana mwanga unaobaki hauna faida kwake. Umeme nao ujiandae, balbu 3 za wati 100 masaa 12 ni yuniti 3.6 kwa siku, mwezi mzima yuniti 108, na hiyo ni banda moja.

Panya acha kwa sasa. Mpe nyenje, mende wa kufugwa, konokono waliofugwa, vinyunyuzie unga wa kalsiamu. Kenge wa savana wengi wa majumbani wananenepa na kuharibika ini kwa sababu ya panya na kukaa bure.

Na kama ndani ya mwaka huo hujapata sehemu ya chini, mtafutie mtu mwenye nafasi au kituo cha kuokoa reptilia. Anza kuulizia mapema, hawa wanafika vituoni wengi kweli kwa sababu hii hii.

SWALI: Niaje. Kuna kenge wa mto amekuwa akimaliza vifaranga vya nyanya, juzi nikamnasa. Nimeskia wazungu wananunua. Nimjengee kaboma ya aina gani? – Katana, Kilifi

JIBU: Usijenge, Katana. Huyo ni mnyamapori, na kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 huwezi kumfuga wala kumuuza bila kibali kutoka KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, halafu kenge wa aina zote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka bila karatasi ni kesi nyingine juu ya ile ya kwanza. Tena yule wa mto anaweza kupita mita 2 akiwa mzima na mkia wake unachapa vibaya, usimshike mkia wala usiende na watoto. Wapigie KWS waje wamtoe. Pesa ya kaboma peleka kwa banda la kuku la nyanya: wavu wa chuma wenye matundu madogo, uzikwe chini ya ardhi kama futi moja kuzunguka pande zote maana anachimba, na mayai yaokotwe kila jioni, hayo ndio yanamleta kwanza.

SWALI: Balbu nyekundu ya usiku ni lazima? Dukani wanasema kenge haoni rangi nyekundu. – Mama Zuhura, Hamburg

JIBU: Anaona vizuri tu. Usiku mzimie taa zote, na kama chumba kinashuka chini ya nyuzi 22 tumia hita ya kauri isiyotoa mwanga, iwe na thamostati, kile kifaa cha kuiwasha na kuizima kufuata joto, na kizuizi cha waya asiiguse. Kama chumba hakishuki hapo, usinunue kitu.