Magari yakipunguzwa kiwandani, injini za boti zitatoka wapi?

Mwezi huu barua za wenye boti zimekuwa nyingi kuliko za wenye magari, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Nimechagua nne.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina boti yenye injini ya petroli ya V8, ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Injini iko ndani, mguu wa rafadha uko nje nyuma. Nasikia kampuni za magari zinapunguza uzalishaji, na rafiki yangu ananisihi ninunue injini ya akiba mapema kabla hazijaadimika. Mimi nashindwa kuelewa: gari na boti wapi na wapi?

JIBU: Marahaba. Fungua kifuniko cha injini, kwangua rangi kidogo ubavuni, na kuna uwezekano mkubwa utakutana na bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ya Chevrolet. Kwa miongo mingi wauza injini za boti MerCruiser, Volvo Penta, Indmar na wenzao walinunua injini tupu kutoka General Motors (GM), wenye Chevrolet, wakazigeuza ziwe za majini. Hawakuwa wavivu. Kusubu bloku ya chuma kunataka tanuri, kalibu na mashine za kuchonga za mamilioni ya dola, na gharama hiyo inarudi pale tu unapotoa injini nyingi mno. Soko la boti ni dogo. V8 ndogo ya Chevrolet ilianza mwaka 1955, na mwaka 2011 GM ilitangaza kwamba imetengeneza ya milioni 100. Zilizokwenda majini ni chembe katika hesabu hiyo.

Kuigeuza ndiko kazi ya ufundi ilipo. Manifoldi ya moshi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda, hubadilishwa ikawekwa yenye njia za maji, maana ndani ya boti hakuna upepo wa kupoza chuma chenye moto. Vizibo vya bloku huwa vya shaba nyeupe ili chumvi isivile. Huongezwa pampu ya kuvuta maji ya nje, na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, mara nyingi huwa ya aina nyingine, kwa sababu injini ya boti haipumziki. Gari likishachukua mwendo huenda kwa nguvu kidogo tu. Boti inasukuma maji wakati wote, kama lori linalopanda mlima usio na kilele.

Sasa hofu ya rafiki yako. Mwaka 2007 Marekani iliuza magari zaidi ya milioni 16. Mwaka 2009 yalishuka hadi kama milioni 10.4. GM ilifunga viwanda vingi vya kuunganisha magari kwa wiki kadhaa, na tarehe 1 Juni 2009 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Je, boti zilikosa injini? Kwa jumla, hapana. Anayeahirisha kununua pikapu huahirisha na boti vilevile, kwa hiyo mahitaji ya pande mbili yalianguka pamoja. Wajenzi wa boti nao walikuwa wamefunga milango.

Pigo lilipita mlango mwingine. GM ilikuwa na V8 kubwa ya lita 8.1 iliyosubiwa kwa ajili ya pikapu nzito na magari kama Suburban. MerCruiser na Volvo Penta waliitegemea kwa boti zao kubwa. Mafuta yakapanda bei, wanunuzi wa magari mazito wakapungua, na Desemba 2009 ya mwisho ikatoka kiwandani Tonawanda, jimbo la New York. Wenye boti walikuwa bado wanaitaka, lakini idadi yao peke yao haitoshi kuendesha kiwanda cha namna hiyo. Upande wa pili, V8 ya lita 5.7 iliondolewa kwenye magari mapya ya GM mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini ikaendelea kutengenezwa Mexico kwa ajili ya boti na mitambo kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo usitishwe na habari ya kiwanda kufungwa wiki sita. Sikiliza ikiwa kampuni inaacha kabisa aina fulani ya injini.

Kampuni za boti zilijifunza. Mwaka 2014 Mercury, wenye MerCruiser, ilitoa V6 ya lita 4.5 iliyoibuni yenyewe kwa ajili ya boti, na mwaka huohuo Indmar ilitangaza kuhamia V8 ya Ford ya lita 6.2.

Injini ya akiba usinunue. Ikikaa stoo bila kuwashwa sili hukauka na silinda hushika kutu. Ukiwa na fedha ya ziada, nunua manifoldi za moshi na viwiko vyake. Sababu iko katika jibu linalofuata.

SWALI: Injini yangu imeshaacha kutengenezwa. Je, naweza kutumia spea za gari?

JIBU: Za ndani, nyingi unaweza: pistoni, ringi, beringi, valvu. Hizo zitapatikana muda mrefu kwa kuwa mamilioni ya magari yanazitumia. Kinachoadimika ni kile kilichotengenezwa kwa boti pekee, na manifoldi ndiyo ya kwanza kuliwa na chumvi.

Lakini stata, alteneta, distribyuta na pampu ya mafuta za gari USIFUNGE. Za boti zimezibwa ili cheche isitoke nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari unapeperuka chini barabarani, kwenye boti unatua ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kukaa. Cheche moja inatosha. Nawajua mafundi hodari wa magari wanaocheka nikisema hivi, na boti zao sipandi. Angalia pia gasketi ya silinda hedi: chukua iliyoandikwa kuwa ni ya majini.

SWALI: Fundi, mimi nina injini ya kupachika nyuma, siyo ya gari. Mbona mwaka 2021 niliisubiri miezi mingi na muuzaji akasingizia uhaba wa magari?

JIBU: Hakusingizia, ingawa alieleza nusunusu. Yamaha, Suzuki na Mercury hubuni injini hizo wenyewe. Honda ina undugu wa karibu zaidi na gari: BF150 yake, kwa mfano, ilitokana na injini ya Accord ya lita 2.4. Kilichokukwamisha ni chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vilivyo ndani ya kila kompyuta.

Machi 2020 viwanda vya magari vya Amerika Kaskazini vilifungwa kwa korona hadi Mei, na kampuni zikapunguza oda za chipu. Watengenezaji wa chipu wakageukia kompyuta na simu. Magari yaliporudi yakakuta foleni. Hata Toyota ilipunguza uzalishaji wake duniani kwa asilimia 40 Septemba 2021. Safari hii watu hawakuacha kununua boti. Marekani iliuza boti mpya za injini zaidi ya 310,000 mwaka 2020, idadi kubwa kuliko zote tangu 2008. Injini ya kisasa ya kupachika ina kompyuta yake, na sehemu zake zinatoka kwa wasambazaji walewale wa magari. Mnunuzi mdogo husimama nyuma ya foleni. Februari 2021 baridi kali ikafunga viwanda vya kemikali vya Texas, na povu la viti likawa adimu kwenye magari na kwenye boti pia. Mwenye injini ndogo ya kabureta hakuguswa sana na habari ya chipu.

SWALI: Magari ya umeme yakishika soko, bloku za petroli si zitakwisha?

JIBU: Zitapungua, lakini si kwa haraka unayodhani. Kile kiwanda cha Tonawanda kilikuwa kimepangiwa kutengeneza mota za umeme. Mei 2025 GM ikabadili mpango, ikatangaza dola milioni 888 kwa ajili ya V8 za kizazi kipya za pikapu. Dizeli nayo ina utegemezi uleule: Mercury imetumia injini za Volkswagen, na D3 ya Volvo Penta ilitokana na dizeli ya gari la Volvo. Injini za meli kubwa haziko katika hadithi hii kabisa.

Ukinunua sasa, muulize muuzaji bloku imesubiwa na nani, na kama ni ya aluminiamu. Ikiwa ni ya aluminiamu na boti inakaa kwenye maji ya chumvi, ikatae isipokuwa ina mfumo wa kupoza uliofungwa, wenye maji yake ya dawa.