Unga wako wa nano umeuosha mara ngapi?

Kila mwaka wanachuo wapya wa uzamili wakianza kutafuta mada, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Shikamoo dada, nataka kufanya nano, niende na oksidi gani?" Wanamaanisha unga wa chembe ndogo mno wa oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni. Nawaelewa. Chumvi za zinki si ghali, mwarobaini, ambao majani yake hutumika kutengeneza unga huo, umejaa hapa Dar kuanzia Sinza mpaka Mbagala, na neno lenyewe linapendeza kwenye andiko la utafiti. Mimi nami niliingia kwa mlango huohuo, na nikapoteza miezi mitano kwa sababu nilijua nimetengeneza oksidi gani lakini sikujua ndani ya unga wangu kuna nini kingine.

Oksidi za metali zenyewe si wageni nyumbani kwako. Kalamini ya rangi ya waridi anayopakwa mtoto mwenye tetekuwanga ni oksidi ya zinki, na ile rangi inatoka kwenye oksidi ya chuma kidogo tu. Unga mweusi unaomwagika ukipasua betri ya tochi umejaa oksidi ya manganizi. Hata betri ya simu yako ina ukoo huo: mwaka 1980 John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kuhifadhi umeme, na mwaka 2019 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa betri za lithiamu. Kinachobadilika kwenye nano ni ukubwa. Tunazungumzia chembe za nanometa 1 hadi 100, wakati unywele mmoja una unene wa kama nanometa 80,000. Chembe zikiwa ndogo kiasi hicho, uso wake kwa gramu moja huwa mkubwa ajabu, na kazi zote tunazozitafuta hufanyika usoni: kupitisha elektroni, kushika kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia), kuachia ioni, yaani atomi zenye chaji.

Sasa uso huohuo ndio unaoshika uchafu. Hapo ndipo nilipoumia.

Nilichemsha majani ya mwarobaini, nikachuja, nikachanganya na chumvi ya zinki, nikadondosha sodiamu haidroksaidi, ile soda kali inayounguza, mpaka mchanganyiko ukawa mweupe kama tui. Niliosha mara mbili, nikakausha kwenye nyuzi 80. Sikuuchoma kwenye tanuri kwa sababu nilitaka "viambato vya kijani" vibaki, maneno niliyoyaokota mahali na kuyaamini. Nikaweka unga kwenye visahani vya bakteria. Kesho yake kila kisahani kilikuwa na duara safi, bakteria wamekimbia. Nilipiga picha nikawatumia nyumbani. Mama akajibu, "Hongera mwanangu, sasa dawa inauzwa lini?"

Fundi wetu wa maabara, mzee ambaye ameona vizazi vingi vya wanafunzi wakishangilia mapema, akaniuliza kitu kimoja: "Mwanangu, yale maji ya kuoshea umeyajaribu?" Sikuwa nimeyajaribu. Nililoweka unga usiku kucha, nikauzungusha kwenye sentrifuji, nikachukua maji matupu ya juu, nikayaweka kwenye kisahani peke yake. Duara likatokea, na halikuwa dogo kuliko la kwanza. Kilichoua bakteria humo kilikuwa zinki iliyoyeyuka, mabaki ya majani na ukali wa haidroksaidi. Chembe zangu huenda zilichangia, huenda hazikuchangia. Picha zile haziwezi kusema.

Na hata zingekuwa safi, lile duara lina kasoro yake. Agari, ile wanamoota bakteria kwenye kisahani, ni kama jeli. Vitu vilivyoyeyuka hupenya humo na kusambaa, chembe ngumu hubaki zilipowekwa. Kwa hiyo duara linapima zaidi kile kilichoyeyuka. Kama swali lako ni chembe zenyewe, changanya unga na bakteria kwenye mchuzi wa lishe, punguza dozi nusu kwa nusu, utafute dozi ya chini inayozuia wasiongezeke. Sambamba weka mirija mitatu zaidi: mmoja wenye maji yaliyoloweka unga, mmoja wenye maji ya majani, mmoja wenye chumvi ya zinki peke yake. Ukinibana niache ushauri mmoja tu katika makala hii, nitabaki na hiyo mirija mitatu.

Kuosha nako kuna kipimo. Usihesabu mara, pima maji yanayotoka. Mimi huosha mpaka pH, kipimo cha ukali wa asidi au besi, ikaribie 7 na mita ya kupitisha umeme ionyeshe kwamba maji yanayotoka yanafanana na yaliyoingia. Siku moja maji safi yalituishia, mwenzangu akanunua maji ya betri kwenye duka la vipuri. Hayakuharibu kitu, lakini alianza kwa kuyapima, nawe fanya hivyo. Usitumie ya bomba hata kwa suuza ya kwanza.

Upande wa umeme mtego ni uleule umevaa nguo nyingine. Kihisi cha glukosi, yaani kifaa cha kupima sukari ya damu kwa umeme, ni mada nzuri, na oksidi ya zinki inafaa kwa sababu inayoeleweka: kwenye pH ya damu, 7.4, yenyewe ina chaji chanya, na kimeng'enya glukosi oksidesi kina chaji hasi, basi vinashikana bila gundi. Kimeng'enya kinakula glukosi na kutoa peroksidi ya hidrojeni, nawe unapima mkondo wa hiyo peroksidi. Glukosi ikiongezeka mkondo nao uliongezeka, nikapata mstari ulionyooka mpaka nikajiona. Kisha msimamizi wangu akasema, "Dondosha vitamini C." Mkondo ukaruka. Volteji inayotosha kuvunja peroksidi inavunja pia vitamini C na asidi ya yuriki, na vyote viwili vimo kwenye damu ya kila mtu. Kilichoniokoa ni utando mwembamba wa Nafion, ambao una chaji hasi na huvifukuza hivyo viwili, huku peroksidi isiyo na chaji ikipita. Siku hizi sipimi glukosi kabla ya kupima elektrodi (kile kipande kinachopitisha mkondo) ikiwa tupu, halafu elektrodi yenye oksidi bila kimeng'enya. Tena usiiache elektrodi kwenye bafa ya fosfeti, yale maji ya chumvi yanayotunza pH, siku mbili ukadhani utaikuta ilivyokuwa: oksidi ya zinki humo hugeuka polepole kuwa fosfeti ya zinki.

Wale mnaopima glukosi kwa oksidi ya shaba au nikeli bila kimeng'enya, andikeni wazi kwamba mmepima kwenye sodiamu haidroksaidi. Pale pH ni kama 13. Damu haiko hivyo.

Mambo madogo. Umeme ukikatika tanuri likiwa katikati ya kazi, andika saa na joto lililofikiwa, na unga huo uuweke kopo lake. Wakati wa masika funga makopo vizuri na uweke vifuko vya silika, maana unyevu wa Dar pamoja na hewa ya ukaa hubadilisha uso wa oksidi ya zinki kuwa kabonati. Ukipima kwa eksirei, mistari kwenye nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3 inakuambia una zinki oksidi, na kanuni ya Scherrer ya mwaka 1918 inakupa ukubwa wa fuwele, siyo wa chembe, ambayo inaweza kuwa na fuwele nyingi ndani yake. Mimi niliandika nanometa 22 kama ukubwa wa chembe. Darubini ya elektroni ikaonyesha mabonge ya mamia ya nanometa. Na vaa barakoa unapopima unga kwenye mizani. Waulize wachomeleaji wa mtaa wa Gerezani kuhusu ule moshi mweupe wa mabati na homa ya jioni yake. Ni oksidi ya zinki hiyohiyo. Wao hunywa maziwa. Barakoa ni bora.

Kuhusu swali la mama la dawa inauzwa lini: oksidi ya chuma ya nano kweli inadungwa mshipani, ferumoksitoli, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2009 kwa wagonjwa wa figo waliopungukiwa chuma. Lakini ile imevikwa koti la wanga na imepita majaribio kwa watu, na bado mgonjwa huangaliwa kwa karibu kwa hofu ya mzio. Kisahani changu hakikuwa hata kwenye foleni ya daladala ya kwenda huko.

Maji ya kuoshea usiyamwage sinki, zinki ni sumu kwa viumbe vya majini. Sisi tunayaweka kwenye dumu. Mwanzoni tuliliandika kwa fomula, mpaka asubuhi moja tukamkuta dada wa usafi amelifungua akiuliza kama ni jiki. Sasa limeandikwa kwa maka peni nyekundu, pande zote mbili: SUMU, USIDEKIE.