Tambua kwanza hali ya mchezo: ushauri kwa waamuzi wapya wa raga

Mwamuzi mpya wa raga anapokutana na tukio gumu, mawazo yake hukimbilia adhabu: je, hii ni penalti au ni skramu (timu mbili kusukumana kuanzisha upya mchezo baada ya kosa dogo)? Ninawasihi mnaoanza kazi hii mtangulize swali jingine, nalo ni kwamba mchezo ulikuwa katika hali gani wakati tukio lilipotokea. Kuushika kwa mikono mpira ulio chini ni halali katika mchezo wa wazi, kuna masharti yake mchezaji akishakabwa na kuangushwa, na kwa kawaida ni kosa la penalti pindi raki, yaani kundi la wachezaji wanaosukumana juu ya mpira ulio chini, inapoundwa. Kwa hiyo, kabla ya kukariri adhabu, someni mara nyingi ile sehemu inayofafanua istilahi mwanzoni mwa kitabu cha sheria, ambayo wengi huiruka.

Mchezaji mwenye mpira huhesabiwa kuwa amekabwa pale tu anaposhikwa na kufikishwa chini, na goti moja kugusa ardhi linatosha. Aliyeteleza akaanguka bila kushikwa na mtu hajakabwa. Raki nayo huhitaji mpira uwe chini, na juu yake wawepo angalau mchezaji mmoja wa kila timu, wakiwa wamesimama kwa miguu yao na wanagusana. Mzozo mkubwa huzuka katika kipindi kifupi kilicho kati ya hali hizo mbili. Mlinzi aliyefika akiwa amesimama, akitokea upande wake, akaushika mpira kabla raki haijaundwa, anaruhusiwa kuendelea kuung'ang'ania hata baada ya mpinzani kumfikia, ilimradi abaki amesimama. Ukitazama mwisho wa tukio pekee, utaona mikono ndani ya raki na utamwadhibu mtu asiye na hatia. Fuatilia mfuatano: aliyekaba alimwachia lini, nani alifika wa kwanza, na mikono ilikuwa wapi kabla wapinzani hawajagusana.

Jinsi maana ya raki inavyoweza kubadili mchezo mzima ilionekana katika uwanja wa Twickenham mwezi Februari 2017, Italia ilipocheza na Uingereza. Waitalia waliacha makusudi kuingia kwenye raki. Kwa kuwa hakuna raki ya upande mmoja, na kwa sheria ya wakati huo kukabwa peke yake hakukuweka mstari wa kuotea, yaani mpaka ambao wachezaji hutakiwa kubaki nyuma yake, wachezaji wao walisimama huru katikati ya safu ya Uingereza. Wachezaji wa Uingereza walipomuuliza mwamuzi Romain Poite wafanye nini, aliwajibu kwamba yeye ni mwamuzi, si kocha. Naona alikuwa sahihi kabisa. Uingereza ilishinda 36-15, na baadaye sheria ilirekebishwa: siku hizi mstari wa kuotea huwepo mara mchezaji mmoja tu aliyesimama anapokuwa juu ya mpira ulio chini baada ya mtu kukabwa.

Kuotea baada ya mpira kuangushwa mbele ndiyo mada ngumu kuliko zote, na waamuzi wa kiwango cha juu kabisa wamekwama hapo. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia la 2015, mpira ulianguka mbele kutoka kwa Mskoti, ukadakwa na mwenzake Jon Welsh aliyekuwa mbele, na mwamuzi Craig Joubert akatoa penalti iliyoipa Australia ushindi wa 35-34. World Rugby, shirikisho la raga duniani, ilitamka kesho yake kwamba ilipaswa kuwa skramu, kwa kuwa kabla ya kumfikia Welsh mpira ulichezwa kwa makusudi na Nick Phipps wa Australia, na jambo hilo lilimwondoa Welsh katika kuotea. Utaratibu wa wakati huo haukumruhusu Joubert kulipeleka tukio hilo kwa mwamuzi wa video. Mwezi Julai 2017 huko Auckland, Poite alitoa penalti dhidi ya Ken Owens wa Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland iliyokuwa ikicheza na New Zealand, kwa kosa la aina hiyohiyo, kisha baada ya kutazama video na kushauriana na wasaidizi wake akaibadilisha kuwa skramu ya kuotea kwa bahati mbaya. Mechi ikaisha 15-15. Uamuzi huo unabishaniwa hadi leo, nami siwalaumu wanaoupinga, kwani Owens aliushika mpira kabla ya kuuachia.

Kutokana na matukio hayo, jizoezeni kujiuliza maswali matatu kwa mfuatano: nani alikuwa wa mwisho kuugusa mpira kabla ya aliyeotea, je, mpinzani aliucheza kwa kukusudia, na je, aliyeotea aliwanyima wapinzani faida ambayo wangeipata? Jibu la swali la tatu likiwa hapana, rudini kwenye skramu ya kosa la kwanza.

Mguso wa kichwani una mfuatano wake: je, kichwa kiliguswa, je, lilikuwepo kosa, hatari ilikuwa ya kiasi gani, na kuna jambo la kupunguza adhabu? Usiruke hatua hata kama umati unadai kadi nyekundu.

Mwisho, itamkeni hali ya mchezo kwa sauti inapotokea mbele yenu. Neno moja, «raki», likitamkwa mapema humfanya mlinzi aondoe mikono kabla hamjalazimika kupuliza filimbi. Nahodha akiuliza baadaye, mwambieni kwanza mlichokiona, kisha sheria inayohusika, kwa sentensi mbili fupi, halafu mchezo uendelee.