Ruzuku ya mbolea si pesa ya kutumiwa

Ndugu yangu, unauliza kama mkulima hutumiwa pesa ya ruzuku ya mbolea kwenye simu? La, hatumiwi pesa yoyote. Serikali ya Kenya hushusha bei ya mbolea yenyewe: mfuko wa kilo 50 uliwekwa shilingi 3,500 mwaka 2022, ukateremka hadi 2,500 mwaka 2023. Kinachoingia kwenye simu ni ujumbe wa mifuko unayostahili kwa ekari ulizoandikisha kwa chifu. Unakwenda kwenye ghala linalouza mbolea hiyo na kitambulisho, unalipa, unabeba. Mimi nalima mahindi huku Mpeketoni na yangu nimeichukua hivyo. Nauli ya kuifikisha shambani ni juu yako, tena ni nzito. Na huyo anayewaambia wazee watume mia tano "wafunguliwe ruzuku" ni mwizi, msimtumie hata senti.