Jibu: Kupiga picha magofu ya Engaruka

Ndugu, umeuliza kama safari ya siku moja kutoka hapa Arusha inatosha kuyaona na kuyapiga picha magofu ya Engaruka, yaani mabaki ya nyumba na mashamba ya wakulima wa kale. Kuyaona, inatosha, kuyapiga picha vizuri, kwa maoni yangu, haitoshi, na sababu yake ni jua. Magofu yako chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, nao umesimama upande wa magharibi, kwa hiyo alasiri kivuli chake huyafunika mawe mapema, saa ambayo wewe ungetarajia mwanga laini wa jioni. Ni afadhali ulale Mto wa Mbu au Engaruka kwenyewe, uwe umeshafika magofuni jua linapochomoza.

Kuta ni fupi, zimepangwa kwa mawe matupu bila udongo wala chokaa, na mchana huonekana kama malundo tu. Miale ya asubuhi ndiyo inayochora kivuli cha kila mstari, na hapo utaitambua mifereji na mipaka ya mashamba ambayo wakulima wa kale waliyamwagilia, takriban hekta 2,000, kuanzia karne ya 15 hadi ya 18. Kwangu mimi mifereji hiyo ina thamani kuliko nyumba zenyewe, ingawa wageni wengi huipita bila kuitazama.

Tafadhali usikanyage kuta wala kusogeza jiwe kwa ajili ya picha, kwa kuwa hakuna kinachoyashikilia isipokuwa uzito wake. Wafugaji utakaowakuta, waamkie kwanza, kisha uwaombe ruhusa kabla ya kuinua kamera.