Wakutane njiani, si mlangoni

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama mbwa wako Karafuu, ukimleta kutoka Anchorage hadi huku kwetu Alaska ya ndani baada ya miaka hii miwili, atawatambua nduguze. Nilisoma swali lako nikiwa nachochea utomvu wa mibirchi, miti hii ya nchi za baridi, jikoni nje, na jambo lililonijia kwanza lilikuwa mahali pa kuwakutanishia, kutambuana likafuata nyuma. Mbwa wakutane njiani, si mlangoni. Umelisikia hilo kwangu tangu ungali mdogo, na bado sijapata sababu ya kuliacha.

Lakini tuanze na ulichouliza. Mtafiti mmoja wa Belfast, Peter Hepper, alichapisha mwaka 1994 majaribio ya vitambaa vilivyolaliwa na mbwa. Mama na watoto waliotengana miaka miwili walitambuana kwa harufu. Ndugu wa tumbo moja haikuwa hivyo: aliyeweza kuwatambua wenzake waliokwenda mbali ni yule aliyebaki akiishi na ndugu yake mmojawapo. Sasa tazama hali yetu. Nduguze wawili, Iliki na Mdalasini, wamelelewa pamoja hapa, kwa hiyo huenda wakamjua Karafuu. Karafuu aliondoka na wiki kumi na anaishi peke yake, kwa hiyo huenda asiwajue. Wao watamkimbilia kama wa nyumbani, yeye ataona wageni wawili wanamvamia. Hapo ndipo ninapopahofia.

Ndiyo maana nataka wa kwanza kumwona awe mama yao, Theluji.

Wiki ya kwanza ya Mei uliyoitaja siitaki. Ardhi huku chini ingali imeganda, maji ya theluji hayana pa kwenda, uwanja mzima ni tope. Na theluji ikiyeyuka inarudisha kila ilichokificha tangu Oktoba: mifupa ya musi (yule kulungu mkubwa wa kaskazini), vichwa vya samaki, kinyesi cha miezi sita. Njoo kati ya tarehe 10 na 15. Mibirchi itakuwa inatoa majani na utomvu umeshakuwa mchungu, kwa hiyo sitakuwa nimefungwa kwenye sufuria (lita 100 za utomvu kwa lita moja ya shira, moto haulali). Usivuke tarehe 20, maana musi jike wanaanza kuzaa, na mwenye ndama mchanga akimwona mbwa haombi njia, anamkanyaga.

Siku tatu kabla hujaondoka usimwogeshe Karafuu kwa sabuni yenye manukato. Brashi apigwe sana, manyoya ya ndani yanatoka kwa mafungu wakati huu na mbwa aliyebaki nayo anaweza kuzidiwa na joto hata hewa ikiwa ya nyuzi 15. Kama yuko kwenye joto la kupandwa, ahirisha safari, tusijadiliane. Njiani ni kilomita kama 580; mpe maji kila saa mbili. Ukifika Nenana, ule mji wa kando ya mto, simama. Barafu ya mto itakuwa imeshaondoka, na wale wanaobashiri dakika ya kuvunjika kwake, kama watu walivyofanya tangu 1917, watakuwa wameshajua nani amepata. Mtembeze hapo nusu saa achoke kidogo, kisha nipigie simu.

Nitakungoja barabarani, mita 300 kabla ya kwetu, nikiwa na Theluji. Wewe shika Karafuu kwa mkanda wa kifua, kamba ya mita mbili, ilegee. Kamba ikikazwa inamnyanyua mbwa kifua na kichwa, na mwenzake anasoma ugomvi mahali ambapo haupo. Tutembee upande mmoja, sambamba, mita 15 kati yetu, dakika kumi bila kuwasemesha. Halafu wewe upite nyuma yangu, Karafuu anuse mama alipokojoa. Tupungue hadi mita tatu. Wakisogeleana, waje kwa kuzunguka ubavuni, wasije uso kwa uso. Hesabu tatu, mwite, ondoka, rudia. Baada ya hapo nitamrudisha Theluji na kumleta Mdalasini, kwa sababu dume na jike huelewana haraka. Iliki awe wa mwisho, kesho yake. Jike kwa jike wa umri mmoja ndio ugomvi usiosahaulika. Na wale wawili wasimkabili kwa pamoja mpaka kila mmoja amemzoea peke yake.

Mwaka jana tulimleta ndugu yao mwingine, Bizari. Aliruka kutoka garini moja kwa moja hadi langoni, lango likafunguliwa, na kwa pumzi tatu ilikuwa furaha tupu, mikia kama mapanga ya feni. Mfupa wa musi ulikuwa umechomoza kwenye theluji karibu na kibanda cha kuni, nusu tu ndiyo inaonekana. Iliki alisimama juu yake, Bizari akainamisha kichwa kunusa. Sikio la Bizari lilipasuka hadi shinani. Mtu mmoja alitaka kuwakamata kola, na mkono wake ukaumwa. Kuwaachanisha ni kwa miguu ya nyuma: watu wawili, kila mmoja ananyanyua wake kama toroli na kurudi kinyumenyume kwa mduara. Kama uko peke yako, ndoo ya maji ya baridi usoni. Vitundu vya meno alivyoachiwa Bizari vilioshwa kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kisichofurika kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vikaachwa wazi, maana kitundu kikifunga juu usaha unabaki chini. Bizari hajaletwa tena. Ni mbwa niliyempokea kwa mikono yangu usiku aliozaliwa, wa tatu kutoka, na sasa namwona kwenye picha.

Najiuliza kama lawama ni ya lango au ya mfupa. Mfupa usingekuwapo, labda wangeingia salama na leo ningekuwa nakwambia kinyume. Inawezekana. Lakini mfupa siwezi kuuahidi, upo mwingine uwanjani ambao sijauona, hata nikizunguka na reki kila asubuhi kama ninavyofanya sasa. Njia naiweza. Mbwa wakutane njiani.

Bakuli nitakuwa nimeshaziondoa. Kula kila mmoja na pembe yake, mita kumi kati yao, na baada ya robo saa kilichobaki kinaondolewa. Tutembee alfajiri au usiku; jua litakuwa linazama saa tano usiku, mwanga si tatizo. Nungunungu wameshatoka, kwa hiyo kamba isifunguliwe msituni. Koleo nimeiweka mfukoni mwa koti: mwiba huvutwa wima, karibu na ngozi, haukatwi.

Mwishoni mwa ujumbe wako umeandika, kama mtu anayepita tu, kwamba huenda Karafuu angeishi vizuri zaidi na wenzake kuliko kwenye fleti. Hilo hukuniuliza. Jibu ninalo, mwanangu, na nimeliandika hapa mara mbili nikalifuta. Nikilisema sasa utakuja umeshaamua, na utamwangalia kwa macho yangu. Mwangalie usiku wa tatu. Wa kwanza atakuwa amechoka na wa pili bado anahesabu harufu. Wa tatu, acha mlango wa chumba chako wazi, uone analala wapi.

Blanketi lake usilifue. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki unitumie wiki moja kabla, niliweke kwenye majani makavu anapolala Iliki.

Baba yako